Naomba ushauri: kutazama Calcio Storico mjini Firenze na kijana wangu

Ndugu zangu, nawasalimu. Mwezi Juni, Mungu akipenda, nitakuwa Firenze, Italia, pamoja na kijana wangu wa miaka 14, na kwa kuwa Serie A huwa imekwisha kufikia wakati huo, hatutaweza kuiona Fiorentina ikicheza nyumbani. Nimeelekeza macho kwenye Calcio Storico, mchezo wa kale ambao timu nne za mitaa ya mji huo hushindana juu ya mchanga unaomwagwa mbele ya kanisa la Santa Croce, na fainali kwa desturi huchezwa tarehe 24, sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Kila upande una wachezaji 27 na mechi huchukua dakika 50. Bao hupatikana kwa kutupia mpira kwenye wavu uliotandazwa upana wote wa uwanja, na mpira ukipita juu yake, wapinzani huzawadiwa nusu bao. Jambo hilo limemvutia sana kijana.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba ngumi na mieleka ni sehemu halali ya mchezo, na damu si jambo geni. Kwa aliyewahi kuhudhuria, je, inafaa kwa mtoto wa umri huo? Tukae jukwaa lipi ili tuwe mbali na mashabiki wakereketwa, na ikiwezekana tupate kivuli, maana jua la kiangazi huko ni kali? Tena, je, mgeni akivaa rangi ya timu mojawapo, kwa mfano buluu ya Santa Croce, huchukuliwa vibaya na wenyeji wa mitaa mingine?