Tupeane uzoefu: uliyefika Sydney kwa siku chache, ulizitumiaje?

Wakuu, salaam. Mdogo wangu anakwenda Sydney kikazi mwezi wa saba, na atabakiwa na siku tatu za kutembea kabla ya kurudi. Mimi nilipita huko kwa siku mbili tu, na hadi leo naikumbuka feri ya kwenda Manly, mtaa wa pwani ng'ambo ya bandari, kuliko kitu chochote nilicholipia kiingilio. Naanza mimi, nanyi mwendelee.

Feri inaondokea Circular Quay na safari ni kama nusu saa. Wakati wa kwenda kaa nje, upande wa kulia, Opera House, lile jumba lao la muziki, inapita karibu kabisa na wewe. Mimi ni mtu wa Kigamboni. Nimevuka na pantoni miaka yote nimebanwa kati ya bodaboda na magunia, nawaza kufika tu. Kule nilivuka ili nitazame. Pale bandari inapofungukia bahari kuu chombo kinayumba kweli, kina mama wakawavuta watoto wao karibu. Nauli unagusisha kadi ya benki kwenye mashine unapoingia na unapotoka, na Ijumaa hadi Jumapili kikomo cha nauli kwa siku ni cha chini kuliko siku nyingine.

Opera House yenyewe wengi wanaipiga picha kwa mbali na kuondoka. Panda ngazi, usogee hadi kwenye vigae vya paa lake. Kwa mbali ni nyeupe tupu, lakini kwa karibu kuna vinavyong'aa na vingine vya rangi ya maziwa visivyong'aa, vimepangwa kama vichwa vya mishale, zaidi ya milioni moja. Aliyeichora, Jørn Utzon wa Denmark, aliacha kazi mwaka 1966 baada ya kuvutana na serikali. Ikafunguliwa 1973, naye akafariki 2008 bila kurudi kuiona imekamilika. Nilikaa pale kwenye ngazi nikiliwaza jambo hilo. Liliniuma.

Wa Nungwi: Ndugu yangu, kabla ya yote mwambie mdogo wako habari ya bahari. Mimi nimezaliwa pwani, kuogelea sikufundishwa na mtu. Lakini kwetu mwamba uko nje, wimbi linavunjikia huko, ndani maji yametulia. Kule ufukwe wa Bondi hakuna mwamba wa kukukinga. Nilichagua mahali palipotulia, pasipo mawimbi, nikaona ndipo salama. Kumbe hapo ndipo mkondo unapopita kurudi baharini! Nilikuwa napiga maji na ufukwe unazidi kwenda mbali. Nikaacha kushindana nao, nikainua mkono, mwokoaji akanifuata na ubao wake. Aogelee kati ya bendera zile za nyekundu na njano, asitoke hapo hata hatua kumi.

Asipotaka maji, kuna njia ya miguu kutoka Bondi hadi ufukwe wa Coogee, kilomita 6 juu ya majabali. Nzuri sana.

Mama Mapacha: Julai ni kipupwe kwao kama kwetu, ila jua linazama mnamo saa kumi na moja jioni. Sisi tuliozoea saa kumi na mbili na nusu linatukata siku. Atoke mapema, na koti abebe.

Na zawadi za chakula azitaje zote kwenye fomu ya kuingilia. Nilimbebea dada yangu korosho za kukaanga, nyama ya kukausha na mbegu za mchicha. Niliandika kila kitu. Korosho wakanirudishia, nyama na mbegu wakachukua, faini hakuna. Aliyekuwa mbele yangu alificha, nikamwacha pale anahojiwa.

Mkulima wa Mufindi: Siku moja aitoe kwa Blue Mountains, yaani Milima ya Buluu. Treni kutoka stesheni ya Central mjini hadi Katoomba ni kama saa mbili, kisha anakwenda Echo Point kuangalia majabali matatu yanayoitwa Three Sisters. Nilipofika ukungu ulikuwa umefunika bonde zima, sikuona kitu kwa saa nzima. Lakini harufu niliijua. Mikaratusi! Miti tunayoipanda huku kwa nguzo na kuni, kwao ndiko asili yake, na ule ubuluu wa milima husemwa unatokana na mafuta ya majani yake. Ukungu ulipopasuka jabali la kwanza likatokea, nikawa nimesimama kimya na wageni nisiowajua. Ningerudi kesho.

Mwanzisha mada: Wa Nungwi, maneno yako nimemtumia kama yalivyo. Asante sana. Je, lile daraja kubwa la bandarini, Harbour Bridge, kuna aliyelivuka kwa miguu?

Wa Nungwi: Nimelivuka, bure kabisa. Njia iko upande wa mashariki, unaoelekea Opera House. Kupanda hadi kileleni mwa tao ndiko kunakolipiwa, na ni ghali. Apande treni hadi Milsons Point, stesheni ya ng'ambo ya daraja, asubuhi, ashuke, aanzie huko kurudi mjini.