Viatu vya shule vimebanduka soli wiki ya tatu, duka linasema mali ikishauzwa hairudishwi

mama_mapacha:

Habari zenu. Naomba msaada wa wanaojua mambo haya vizuri.

Nilinunua viatu vya shule vya ngozi nyeusi, namba 33, vya mkanda wa kunata, katika duka moja la mjini hapa Mombasa kwa shilingi 2,450. Nililipa kwa till ya M-Pesa na risiti ninayo. Mtoto alianza kuvivaa shule zilipofunguliwa. Wiki ya tatu soli ya kulia imeachama kuanzia vidoleni hadi katikati ya wayo, na ya kushoto imeanza kuachia ubavuni. Havijachezewa mpira wala havijaoshwa, vinafutwa kwa kitambaa na kupakwa rangi basi.

Msimamizi amenionyesha maandishi chini ya risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi". Akasema anaweza kuvitia gundi bure, na nikitaka zaidi nimtafute aliyevitengeneza. Je, maandishi hayo yananifunga? Nikubali gundi? Na nikitaka pesa zangu, naanzia wapi?

---

fundi_kiatu:

Dada, gundi usikubali, hasa ile ya haraka ya kichupa kidogo. Hukauka ikawa ngumu, na kiatu cha mtoto hupindika palepale penye vidole kila anapopiga hatua, kwa hiyo itakatika siku chache tu. Baya zaidi, ikishapakwa, alama zinazoonyesha kosa lilikuwa la nani zimefunikwa. Ukirudi mara ya pili watakuambia: kiatu kimeguswa na fundi.

Leo hii mtoto aache kuvivaa. Kisha vikague hivi, mchana penye mwanga.

Fungua ule mdomo taratibu uangalie pande zote mbili. Ukiona gundi imebaki upande mmoja kama utando laini unaong'aa, na upande wa pili ni msafi hauna kitu, basi gundi haikushika tangu kiwandani. Sababu huwa ni hizi: ngozi haikukwaruzwa kabla ya kupakwa, soli ilitoka kwenye kalibu ikiwa na mafuta na haikufutwa, au gundi iliachwa ikakauka mno kabla ya kugandamizwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomhusu mtoto. Lakini ukiona nyuzinyuzi za ngozi zimechanika na kubaki zimeshikana na soli, hiyo inaonyesha gundi ilishika vizuri na kiatu kikavutwa kwa nguvu. Hapo madai yako ni dhaifu.

Kuna kosa la tatu ambalo Pwani tunaliona sana. Ni soli ya poliyurithani, ile nyepesi yenye vitundu vidogo ndani kama sponji, inayomeguka au kuwa unga. Aina nyingi za soli hizo huliwa na unyevu wa hewa taratibu, hata kiatu kikiwa ndani ya boksi hakijavaliwa. Joto na unyevu wa huku kwetu huharakisha. Ikimeguka ndani ya wiki tatu, maana yake mzigo ulikaa stoo muda mrefu. Bonyeza kingo za soli kwa ukucha. Ukucha ukizama na kuacha shimo, au vipande vikidondoka, usikubali jozi nyingine ya mzigo huohuo.

Sasa jiandae kwa hoja tatu za muuzaji. "Kimelowa": kiatu kilicholowa sana huacha mistari myeupe ya chumvi kwenye ngozi, soli ya ndani huwa na doa, na ngozi hukakamaa. "Kimeanikwa juani au kwenye bati": joto kali hulegeza gundi kweli, ila huacha soli imepinda au ubavu umesinyaa. "Kilimbana": toa soli ya ndani, utazame alama za vidole. Zikiwa zimegusa ncha kabisa, kiatu kilikuwa kidogo. Kama alama hizi hazipo, mwonyeshe hazipo.

Piga picha kabla ya kwenda: jozi nzima kwa juu, mdomo ulioachama kwa karibu, pande mbili za gundi, soli kwa chini ionekane haijalika, soli ya ndani, na namba iliyochapwa ndani ya kiatu. Kisigino kulika na ncha kuchubuka ni uchakavu wa kawaida, usivitaje hata kidogo. Ukichanganya malalamiko ya haki na ya uchakavu, atayashika ya uchakavu na kuyaacha mengine.

---

sheria_kwa_wote:

Maandishi ya risiti hayakufungi kwa bidhaa mbovu. Yana nguvu pale umebadili mawazo, rangi haikupendeza, au umekosea namba mwenyewe. Hapo duka likikubali kubadilisha ni hisani yake. Kiatu chenye kosa ni habari nyingine.

Kenya unasimama juu ya mambo matatu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa na kinachofaa kwa kazi uliyomwambia. Viatu vya shule ni vya kuvaliwa kila siku ya shule, hilo halihitaji maelezo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, kifungu cha 5, inamhesabu muuzaji kuwa amekuhakikishia ubora huo, na inabatilisha maneno yoyote yanayojaribu kuuondoa. Juu ya zote, ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha.

Kuhusu kutumwa kwa mtengenezaji: ulimlipa muuzaji, mkataba wako ni na muuzaji. Yeye ndiye atakayesumbuana na aliyemletea mzigo. Kwa sababu hiyohiyo, viatu vikiwa vimenunuliwa na bibi au shangazi kama zawadi, ni vizuri yeye aliyelipa ndiye atie saini ya madai.

Jambo linalowaangusha watu wengi ni kuchelewa. Sheria haikutaja idadi ya siku. Inasema ukikaa na mali kwa muda unaozidi wa kiasi bila kumwambia muuzaji kwamba unaikataa, unahesabiwa umeikubali. Ukishahesabiwa hivyo, haki ya kurudisha na kudai pesa zote inapotea, unabaki na fidia ya upungufu tu. Kuendelea kumvisha mtoto huku ukilalamika kunakuumiza vivyo hivyo. Kwa hiyo mjulishe kwa maandishi leo, hata kwa WhatsApp ya duka, kisha barua ifuate. Maneno yawe machache:

"Tarehe fulani nilinunua kwenu viatu vya shule, namba 33, kwa shilingi 2,450, malipo ya M-Pesa yenye namba hii ya muamala. Ndani ya wiki tatu za matumizi ya kawaida soli zote mbili zimebanduka kwa sababu gundi haikushika. Viatu havikuwa na ubora unaotakiwa na kifungu cha 16 cha Sura ya 31 na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Ninavikataa, na ninaomba nirudishiwe pesa zote ndani ya siku 7. Viatu viko tayari kuchukuliwa au kukabidhiwa mkipokea kwa maandishi."

Siku 7 si za kisheria, ni muda wa busara unaouweka mwenyewe. Usitie matusi wala vitisho vya mitandaoni. Chapa nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri au itiwe saini na tarehe. Wakikataa kusaini, ipige picha ikiwa kwenye kaunta na uitume kwa WhatsApp papo hapo.

Wasipojibu, lalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya (CAK), ambayo hushughulikia pia udanganyifu dhidi ya watumiaji, kama kumwambia mnunuzi hana haki ambayo sheria imempa. Hatua ya mwisho ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inapokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mauzo ya bidhaa yakiwemo. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60 tangu kufungua. Kwa shilingi 2,450 sidhani utafika huko, lakini barua inayotaja njia hiyo kwa utulivu husomwa kwa makini kuliko kelele za dukani.

---

nyuma_ya_kaunta:

Waliotangulia wamesema kweli. Naongeza upande wa duka, maana ukijua hesabu yao utaongea vizuri zaidi.

Duka kubwa huwa lina mpango na msambazaji: jozi mbovu hurudishwa, duka linapunguziwa deni. Ili hilo lifanyike, msambazaji anataka viatu vyote viwili, namba ya bidhaa iliyo kwenye boksi au kwenye ulimi wa kiatu, na tarehe ya mauzo. Ukipeleka kimoja tu, muuzaji anajua atabeba hasara mwenyewe, ndipo anapokuwa mkali. Peleka jozi nzima, safi, ndani ya boksi kama bado lipo.

Usiende Jumamosi wala wiki ya kufungua shule. Nenda siku ya kazi asubuhi, duka likiwa tulivu, na uulize jina la mwenye uamuzi wa kurudisha pesa. Keshia hana mamlaka hayo, na mkibishana naye mbele ya wateja atashikilia maandishi ya risiti kwa sababu ndiyo aliyoambiwa. Sema unachotaka kwenye sentensi ya kwanza: "Nimekuja kurudisha viatu hivi, gundi haikushika, naomba pesa yangu." Ukianza na "sijui mtanisaidiaje" utapewa gundi.

Risiti ya karatasi laini hufifia haraka ikikaa kwenye pochi yenye joto, kwa hiyo ipige picha siku ya kununua. Ikipotea, si mwisho. Ujumbe wa M-Pesa una namba ya muamala ya herufi na tarakimu 10, tarehe, kiasi na jina la biashara. Hata ukiufuta, taarifa ya M-Pesa unaweza kuiomba kupitia *334# au programu yao.

Na usiviache dukani "vikaangaliwe" bila karatasi. Andikiwa: jozi moja, namba, kosa, tarehe ya kujibu, saini. Viatu vilivyoachwa kwa maneno matupu hupotea stoo, na vikipotea umebaki na picha tu.

---

Dar_kwetu:

Kwa wasomaji wa Tanzania Bara: msingi wa sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 214, unafanana na huo wa Kenya, na malalamiko ya mtumiaji yanapokelewa na Tume ya Ushindani (FCC) chini ya sheria ya 2003. Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kielektroniki) wakati wa kununua, yenye TIN ya muuzaji, yaani namba yake ya mlipakodi, tarehe na saa. Karatasi ya kuandikwa kwa mkono ni rahisi kukanwa.

Mitumba iwekeni kando. Ukivikagua viatu mwenyewe kabla ya kulipa, kosa ambalo ukaguzi wako ulipaswa kuliona huwezi kulidai baadaye. Kwa hiyo kwenye fungu la mitumba, kiatu kipindwe na soli ibonyezwe kabla pesa haijatoka.

---

mama_mapacha:

Shukran sana. Nimevikagua, upande mmoja gundi inang'aa na upande wa pili hakuna kitu, kama alivyosema fundi. Barua wameipokea na kuigonga muhuri. Sasa wananipa chaguo: vocha ya shilingi 2,450 ya kutumia dukani kwao, au jozi kama hiyo lakini namba 34, kwa kuwa 33 zimekwisha. Wayo wa mtoto nimeupima, sentimita 21.2. Nichukue kipi?

---

fundi_kiatu:

Namba hizi za Ulaya huhesabiwa kwa theluthi mbili za sentimita. Namba 33 ni kama sentimita 22 ndani, 34 ni kama 22.7. Mtoto anahitaji nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5 mbele ya kidole kirefu. Kwa wayo wa 21.2, ile 33 inabakiza 0.8, ilikuwa inakaribia kumbana. Namba 34 inabakiza 1.5, ndiyo inayomfaa sasa. Lakini viwanda havifuati vipimo sawasawa, kwa hiyo toa soli ya ndani ya 34 uipime kwa rula, na umpime mtoto jioni akiwa amesimama, miguu yote miwili, uchukue ule mrefu.

Swali kubwa ni kama jozi hiyo imetoka kwenye katoni moja na ile mbovu. Linganisha namba ya mzigo kwenye boksi. Pindisha kiatu penye vidole mara kumi hivi, kisha pitisha ukucha kwenye kiungo cha soli na ngozi kuzunguka chote. Ukucha ukiingia popote, kiache. Kama wanayo aina iliyoshonwa soli kwa uzi pembeni, omba hiyo hata kama utaongeza pesa kidogo. Uzi hushika hata gundi ikilegea.

---

sheria_kwa_wote:

Vocha si lazima uipokee. Umekataa mali yenye kosa na kudai pesa, vocha ni pendekezo lao tu, na ukiipokea umekubali kumaliza hivyo. Wakikulazimisha, jibu kwa maandishi kwamba unasubiri pesa hadi siku ya saba.

Ukichagua 34, usitie saini ya "nimeridhika" kabla ya kuikagua kama alivyoeleza fundi. Waandike kwenye risiti mpya kuwa imetolewa badala ya jozi yenye kosa, pamoja na tarehe ya leo. Nayo ikibanduka, muda unaanza kuhesabiwa upya na huna haja ya kueleza habari ya jozi ya kwanza kutoka mwanzo.