Shotigani ya marehemu baba: nikate mdomo wa mitutu au nibadilishe risasi?

Mrina wa Sikonge

Shikamooni wakubwa, na mwangaluka kwa Wanyamwezi wenzangu.

Nimerithi shotigani ya marehemu baba, geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), mitutu miwili kando kwa kando, triga mbili, kazi ya Ubelgiji. Baba alikuwa akiifuta kwa mafuta kila Jumapili jioni, na ndani ya mitutu bado kunang'aa. Umiliki nimeshahamishiwa polisi na leseni ya ndege nimeikata, huko sina shida.

Shida ni nyama. Kwale akiruka hatua kumi na tano mbele yangu kwenye mabua ya mahindi, mara nyingi namkosa kabisa. Nikimpata, naokota manyoya na mifupa iliyosagika. Juzi mke wangu alitoa marisau (zile punje za ndani ya risasi) kumi na moja kwenye kifua cha kwale mmoja, kilichobaki akampa mbwa. Iliniuma, maana ndege nimemuua na hakuna aliyemla.

Bega nalo limekuwa bluu mpaka karibu na kwapa. Risasi ni za gramu 36, marisau namba 5, boksi limeandikwa 70 mm. Triga ya mbele ni ngumu tangu enzi za baba, kwa hiyo navuta ya nyuma. Fundi mmoja hapa ameniambia dawa ni kukata mdomo wa mitutu inchi mbili ili marisau yatawanyike. Mkono unasita kuitia msumeno bunduki ya baba. Nishaurini.

Mzee wa Ugalla

Marahaba mwanangu. Usikate. Na hizo risasi za 70 mm zifungie leo hii, usipige hata moja zaidi mpaka ufanye hili ninalokwambia.

Hakikisha haina risasi, kisha itoe mitutu uigeuze utazame chini, karibu na bawaba. Bunduki za Ubelgiji zina mihuri midogo pale. Tafuta 12 na pembeni yake 65 au 70. Hiyo ya pili ni urefu wa chemba, pale risasi inapokaa, kwa milimita. Bunduki nyingi za zamani ni 65, na bega lako linanifanya nidhani yako ni mojawapo.

Hapa ndipo watu wanapopotea. Ukichukua risasi ya 70 ambayo haijapigwa ukaipima kwa rula, utakuta ni kama sentimita 6. Utaiingiza kwenye chemba ya 65, itakaa vizuri, bunduki itafunga bila kulazimisha. Lakini ile 70 ni urefu wa ganda likishapigwa, mikunjo ya mdomo ikishafunguka. Kwenye chemba fupi ile mikunjo inafungukia pale mtutu unapoanza kubana, marisau yanapita kwa kusukumana, na presha inapanda kuliko bunduki ilivyojengewa. Okota maganda uliyokwisha kupiga utazame midomo yake. Ukikuta plastiki imechanika nyuzinyuzi au imevutika, basi ndiyo hiyo.

Nilikuwa askari wa wanyamapori upande wa Ugalla miaka mingi, enzi bado ni pori la akiba (tangu 2019 ni hifadhi ya taifa, huko sasa hakuwindwi). Mwenzangu mmoja alikuwa na bunduki kama yako, akaipigia risasi za 70 misimu miwili na akatucheka tuliomwonya. Msimu wa tatu niliishika nikaitikisa kidogo, mitutu ikacheza kwenye bawaba kama mlango wa zizi. Haikutengenezeka. Alikuwa na bahati kwamba ni bawaba iliyoachia, si chuma kilichokuwa sentimita chache kutoka kwenye vidole vyake vya kushoto.

Sasa choki, yaani ule mbano wa mdomo wa mtutu. Ni kitu kidogo sana: ful ni nyembamba kwa kama milimita moja tu kuliko ndani ya mtutu, nusu ni nusu milimita, robo ni robo milimita, silinda haina mbano. Wote umekaa kwenye sentimita chache za mwisho. Fundi wako akikata inchi mbili hafungui choki kidogo, anaiondoa yote, mitutu yote miwili, milele. Na bunduki ya kando kwa kando mitutu yake inakaribiana mdomoni. Ukiikata unaacha pengo katikati, kile kinachoishikanisha mbele kinapotea. Tena vipimo vya silaha yako viko kwenye kumbukumbu za polisi. Nani atakueleza huko?

Angalia kama kuna vinyota kwenye mitutu. Kwa bunduki nyingi za Ulaya nyota moja ni ful, mbili robo tatu, tatu nusu, nne robo. Kumbuka: nyota zikiwa chache, mbano ni mkubwa. Na kwa kawaida triga ya mbele inapiga mtutu wa kulia, ulio wazi zaidi, ya nyuma inapiga wa kushoto, uliobana.

Umeelewa sasa? Wewe unapiga kwale wa hatua kumi na tano kwa mtutu wa kanga wa mbali. Kwa umbali wa mita 18 hivi, ful inatandaza marisau duara la kama sentimita 40, silinda inafika 80. Ndiyo maana ama unamsaga ama unamkosa. Mdomo wa bunduki hauna kosa. Tengeneza triga ya mbele, kwa fundi mwenye leseni ya silaha, si wa baiskeli.

Ukishapata risasi za 65 mm, gramu 28 au 30, fungua mfuko wa saruji, usimamishe kwenye kichuguu kipana kisicho na njia nyuma yake. Nenda mita 36, pima kwa kamba. Piga risasi moja kila mtutu, kila mmoja na karatasi yake. Kisha tafuta mahali marisau yalipojaa zaidi, chora duara la sentimita 76 kwa mkaa na uzi, uhesabu matundu. Ful huingiza kama asilimia 70, nusu 60, robo 50, silinda 40. Kilichoandikwa kwenye chuma ni ahadi, karatasi ndiyo inayokwambia ukweli.

Kwale na njiwa, marisau namba 6 au 7. Kanga ana manyoya mazito na anakimbia akiwa na jeraha, mpe namba 4 au 5 na mtutu wa kushoto, usizidi mita 35. Soma milimita kwenye boksi kuliko namba, maana namba 6 ya Uingereza ni 2.6 na ya Marekani ni karibu 2.8.

Mvuvi wa Uvinza

Mzee, heshima kwako. Nyongeza mbili kutoka Kigoma.

Mrina, kama nyumbani kuna bunduki ya geji 20, risasi zake zisikae mfuko mmoja na za 12. Ganda la 20 linateleza ndani ya mtutu wa 12 linakwama mbele ya chemba. Ukidhani hujapakia, ukaweka ya 12 nyuma yake, mtutu unapasuka. Viwanda vinapaka za 20 rangi ya njano kwa sababu hiyo.

La pili ni swali. Mpwa wangu kaniletea maboksi ya marisau ya chuma kwa ajili ya bata. Mrina naye anaweza kutumia?

Mzee wa Ugalla

Asipige hata moja. Chuma ni kigumu, hakibonyei kama madini ya risasi, na kwenye mtutu wa zamani wenye ful kinavimbisha mdomo. Bunduki mpya yenye muhuri wa kuruhusu chuma, sawa, ila chukua marisau makubwa kwa namba mbili hivi, maana chuma ni chepesi. Kwa bata ni jambo jema, kwa sababu bata humeza marisau ya madini ya risasi matopeni wakidhani ni changarawe, yanawaua polepole. Marekani walikataza ya risasi kwa ndege wa majini tangu 1991.

Mrina wa Sikonge

Mzee wangu, nimerudi na majibu.

Muhuri ni 12 na 65. Maganda saba niliyokuta kwenye mkoba, matano yamechanika mdomoni kama ulivyosema. Nilikaa nayo mkononi kwenye kigoda kwa muda. Mtutu wa kulia una nyota nne, wa kushoto moja. Triga ya mbele ilikuwa na mafuta yaliyoganda kama ulimbo, fundi kaisafisha, haikuwa imevunjika. Nadhani baba alizoea kuwinda kanga tu, hakuona sababu ya kuigusa.

Jana nilipiga karatasi, risasi za 65, gramu 28, namba 6. Boksi linasema punje 270. Kulia: matundu 141. Kushoto: 193, yamesongamana upande wa juu, kwa hiyo nitakuwa nalenga chini kidogo.

Leo asubuhi kwale mmoja, triga ya mbele, hatua kama ishirini. Mke wangu katoa marisau matatu. Yuko jikoni sasa na karanga.