Acheni kusema "alijitakia": majaji ndio wanaoutuza ukavu unaoua watunisha misuli

Wakuu, siku tatu hizi nasoma maneno yenu kuhusu vijana wanaoanguka kwenye mchezo wa kutunisha misuli. "Alijitakia." "Nani alimtuma achome sindano?" Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Mwaka jana nilimsindikiza kijana ninayepiga naye chuma kwenda kwenye shindano. Kazi yangu ilikuwa kubeba begi na kumpaka rangi ya mwili ya jukwaani. Alikuwa ameacha kunywa maji tangu jana yake mchana ili mwili ukauke na misuli ijichore, na mwalimu wake alishampa vidonge vya kukojoza, vile wanavyoandikiwa wagonjwa wa moyo na presha. Nyuma ya jukwaa alilala juu ya kanga, midomo imepasuka, ananyonya kitambaa kilicholowa. Ghafla msuli wa mguu ukambana, ukafuata wa paja, kisha tumbo. Mwanaume wa kilo tisini analia kama mtoto, mimi namkanda na rangi yote inahamia viganjani mwangu. Mratibu akachungulia mlangoni: "Namba 14 anapanda, au nimruke?" Basi, akaondoka. Daktari hakuna, wala mtu wa huduma ya kwanza hakuna. Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji. Kule tukaambiwa potasiamu yake, madini yanayosaidia moyo kupiga, imevurugika kiasi kwamba moyo ungeweza kusimama muda wowote.

Sasa ninyi wa "alijitakia", huyu kijana alitaka nini? Alitaka kushinda. Na majaji wanampa nani ushindi? Wanampa yule ambaye ngozi imegandana na nyama, mishipa imesimama, mistari ya makalio inahesabika hata ukikaa kiti cha nyuma kabisa. Ukipanda na maji kidogo chini ya ngozi wanakusogeza pembeni, hata kama umefanya mazoezi miaka kumi na umekula kuku bila chumvi mpaka ukamchukia.

Wala hatukuanza sisi. Mohammed Benaziza alifariki Uholanzi mwaka 1992, mara tu baada ya kushinda shindano huko, na dawa za kukojoza zikatajwa. Andreas Münzer wa Austria, aliyesifiwa dunia nzima kwa ukavu wake, alifariki Machi 1996 akiwa na miaka 31, kama wiki mbili baada ya kupanda jukwaa la shindano la Arnold Classic kule Ohio, Marekani. Ini na figo vyote vilikuwa vimegoma. Oktoba 2021 mshindani George Peterson akakutwa amekufa chumbani hotelini Orlando, Marekani, Olympia, shindano kubwa kuliko yote la mchezo huu, ikiwa mlangoni. Ana miaka 37! Shindano likaendelea kama kawaida. Mwezi uliofuata akaondoka Shawn Rhoden, bingwa wa Olympia 2018, miaka 46.

Msiniambie haiwezekani kupima. Olympia ya 1990 walipima dawa za kukuza misuli, wakaondoa watu. Mwaka uliofuata vipimo vikaachwa. Biashara inataka miili mikubwa, na biashara na ujaji vimelala kitanda kimoja tangu zamani: Joe Weider aliianzisha Olympia mwaka 1965 huku akiuza majarida na virutubisho, na mdogo wake Ben ndiye aliyekuwa rais wa IFBB, shirikisho la dunia la mchezo huu. Olympia ya mwaka 1980 kule Sydney, Arnold Schwarzenegger alirudi dakika za mwisho akapewa taji, ukumbi ukazomea. Mike Mentzer, mmoja wa walioshindwa, hakushindana tena baada ya siku ile. Mwaka 2017 wakubwa wakagombana, shirikisho likapasuka vipande viwili, na waliobanwa ni wachezaji: aliyepanda jukwaa la upande ule, upande huu alitishiwa kufungiwa. Ugomvi wa viti wanauweza. Kumlinda mchezaji asife kwa kiu, hapana.

Hapa kwetu ni yaleyale kwa udogo wake. Jaji ndiye mwenye jimu, mwanafunzi wake yupo jukwaani, na dawa zinanunuliwa kwa mtu aliye karibu naye. Kijana anatoa kiingilio mfukoni mwake, zawadi ya mshindi haifikii hela ya mayai ya mwezi mmoja.

Ninachodai si kikubwa. Awepo daktari mwenye dripu nyuma ya jukwaa, mchezaji apimwe presha kabla ya kupanda, anayetetemeka azuiwe, na jaji asimhukumu mwanafunzi wake. Bila hivyo msitoze kiingilio.

Mratibu wa siku ile namba yangu anayo, nilimpa mwenyewe. Mpaka leo hajapiga kuuliza kama Namba 14 yuko hai.