Naomba ushauri: mwanangu anapenda maajabu ya nchi, ila mengi anayokutana nayo si ya kweli

MamaRamani: Habari zenu wakuu. Mwanangu ana miaka 11 na ana daftari lililojaa maajabu ya nchi mbalimbali, mengi kayatoa kwenye video fupi fupi. Wiki iliyopita alisimama darasani akasema Ukuta Mkuu wa China unaonekana kutoka mwezini. Mwalimu akamwambia si kweli, wenzake wakamcheka. Tangu siku hiyo daftari hajaligusa. Naumia, maana ndilo lililokuwa likimkimbiza kwenye kitabu cha ramani kila jioni. Nimsaidieje kupata mambo ya kweli bila kumkata hamu?

Nahodha: Pole sana dada. Mwambie kwanza kwamba hakudanganya, alidanganywa, na watu wazima wengi tuliamini hivyohivyo. Mwezi uko umbali wa takriban kilomita 384,000, na ukuta ule una upana wa mita chache tu. Mwanaanga wa China, Yang Liwei, aliporudi mwaka 2003 alisema hakuuona, na yeye alikuwa akiizunguka dunia kwa karibu, wala hakufika mwezini. Ayaandike hayo kwenye ukurasa uleule wenye kosa.

Mpekuzi: Naongezea: asiandike ajabu lolote bila sababu yake. Mfano Samoa, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 2011 walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa haikuwepo kabisa! Ukiishia hapo inasikika kama hekaya. Sababu ni biashara: wanauziana sana na Australia na New Zealand, na walikuwa nyuma yao kwa karibu siku nzima. Huku Ijumaa, kule tayari Jumamosi na ofisi zimefungwa. Basi wakahamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, ule mstari wa kufikirika baharini ambao ukiuvuka tarehe inabadilika. Samoa ya Marekani, jirani yao kabisa, ikabaki upande wa zamani. Mtoto akishajua sababu, hata akibishiwa darasani ana pa kusimamia.

Kijana77: Mpe hii rahisi: nchi yenye kanda nyingi za saa ni Urusi, 11, kwa ukubwa wake.

Mpekuzi: Mkuu, hapo utamrudisha kulekule. Urusi ni 11 kweli, lakini Ufaransa ina 12, kwa sababu ya maeneo yake ya ng'ambo yaliyotawanyika baharini. Hata mpaka wake mrefu kuliko yote ni ule wa Guiana ya Ufaransa na Brazil, kule Amerika Kusini.

Kijana77: Nimekubali, sikulijua hilo.

BibiAtlasi: Mwanangu, mpe ramani ahakiki mwenyewe. Mwambie atafute ikweta inapita wapi ndani ya Guinea ya Ikweta. Atagundua haigusi ardhi yake hata kidogo, inapita baharini, kati ya sehemu yake ya bara na kisiwa chake cha Annobón. Akiligundua kwa kidole chake hatalisahau.

MamaRamani: Asanteni sana jamani. Jana nilimsomea ya Samoa, akaniuliza kama kuna nchi nyingine iliyowahi kufanya hivyo. Tukatafuta pamoja, tukaipata Kiribati: mstari wa tarehe ulikuwa ukiikata nchi katikati, visiwa vya upande mmoja viko Jumapili na vya upande wa pili Jumatatu, hadi walipouhamisha mwaka 1995. Ameichora ramani yake ukurasa mzima.