KANIBWEKEA MBELE ZA WATU! Huyu jamaa kavuka mipaka

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule mjuaji wenu wa kila uzi wa muziki, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo kanikuta kibarazani nasikiliza Knocked Loose, bendi ya muziki mzito wa hardcore kutoka Kentucky, Marekani, albamu yao ya pili, A Different Shade of Blue ya 2019. Nimetulia zangu. Mama mwenye nyumba yuko pembeni anapepeta mchele. Jamaa kasimama, kasikiliza sekunde mbili, kanibwekea. KANIBWEKEA! "Arf! Arf!" Mpaka mbwa wa jirani kaitikia.

Mama mwenye nyumba kacheka hadi ungo umemponyoka. Mchele wote chini, na wa kuokota nikawa mimi.

Halafu kubweka kwenyewe wala hakumo! Mwimbaji wao Bryan Garris alibweka kwenye Counting Worms, ngoma ya albamu ya KWANZA, Laugh Tracks ya 2016. Hii ya pili kaisimamia prodyuza Will Putney, magitaa mazito unayasikia kwenye magego, ngoma 12 na dakika 40 hazifiki. Waimbaji waalikwa nao wapo: Keith Buckley yumo, Emma Boster naye kapita humo. Unataka kunitukana, nitukane kwa albamu husika basi! Mtu mzima, ana ndevu, anabweka. Mbele ya mama anayenidai kodi!

Kamanda wa Besi: Pole mkuu. Mchele umeisha kuokotwa?

binti_kibarazani: Arf.

Mleta uzi: Mnacheka? Hakukohoa, hakupiga chafya. KABWEKA.

Chuma Chakavu: Albamu ni moto, hilo halina ubishi. Ila mleta uzi, kodi ya watu lipa kwanza ndiyo utetee watu wa Kentucky.

Mzee Kigoda: Namjua huyo mbwekaji. Ana spika yangu tangu Pasaka, nikimuuliza anasema iko kwa fundi.

Dada Mkubwa: Msinitajie mafundi! Simu yangu iliingia na kioo kilichopasuka, imetoka na kioo kipya, haina kamera.

Kamanda wa Besi: Afadhali wewe umerudishiwa. Mimi naambiwa "njoo kesho" tangu masika.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada

Mzee Kigoda: Kamanda, fundi wako ana kibanda karibu na stendi, anavaa kofia ya sufu hata jua likiwaka?

Kamanda wa Besi: Huyo huyo!

Dada Mkubwa: Mwambieni arudishe kamera yangu.