Tupeane uzoefu: nyumbani kwenu ulianza kusoma nini, na nani amerudi kalasi ukubwani?

MwanaKatuba
Jambo yenu, watu wa Lushi, yaani Lubumbashi yetu ya Kongo, na wote mlio mbali.

Mwaka huu nimejiandikisha masomo ya jioni, mimi mwenye wajukuu. Kilichonifanya nifungue uzi huu ni fomu. Mnaijua: jina, postnom (jina la pili, la kiasili), jina la papa, jina la mama, halafu jimbo la asili, teritwari, sekta, kijiji. Nimezaliwa Katuba, mtaa wa hapa Lushi, mama amezaliwa Katuba, lakini huwezi kuandika Katuba pale, kijana wa sekretarieti atakurudishia karatasi. Nikaandika Luilu, kule Kasai, ambako sijawahi kukanyaga.

Nimeijua Luilu kwa sababu ya kitabu cha utambulisho cha nkambo, yaani babu yangu, kile walichopewa watu wakati wa Wabelgiji. Alikuja huku na treni. Reli ya BCK ilikuwa imefika Port-Francqui, Ilebo ya leo, tangu 1928, na migodini walikuwa wanataka wanaume waje na wake zao wakae, badala ya kurudi kijijini kila mkataba ukiisha. Kitabu chake kilikuwa na jina lake, la baba yake, la chifu, la kijiji, na alama ya dole gumba kwa wino uliopauka. Nyumbani hakukuwa na kitabu kingine. Jioni ananiita: "Kuya hapa, mutoto. Soma. Chifu wetu ni nani?" Nikikosea herufi anajua, ingawa yeye mwenyewe hakusoma hata siku moja. Alikuwa ameshika kila mstari kichwani.

Niliacha shule miaka ya tisini, wakati walimu wanagoma kila mara na wazazi wakaanza kuwalipa wenyewe ile prime, pesa ya kuongeza mshahara. Pesa ilitosha watoto wachache tu, wakaangaliwa wavulana kwanza. Kwetu hilo halikujadiliwa.

Haya, na nyinyi?

Fundi Simu, Kenya
Kenya mtaa wa kwetu hapa Lushi, si ile ya Nairobi.

Mimi nimejifunza kusoma kwa mifuko ya unga. Mama alikuwa anauza unga wa Zambia, ule unaopita mpakani Kasumbalesa, na kazi yangu ilikuwa kupanga mifuko kwa aina ya unga: roller upande huu, breakfast, ule mweupe, upande huu. Bei si moja, ukichanganya unachapwa. Kwa hiyo nilijua "25 kg" na "breakfast" kabla ya kujua kuandika jina langu. Kwa muda mrefu niliamini Breakfast ni mji huko Zambia unakotoka unga mweupe.

Shule nilifika mwaka wa nne wa msingi. Sijarudi. Nasoma tu hapa nyinyi mnasemaje.

Mama Kamalondo
Yaya Katuba, umenigusa na hiyo fomu. Ngoja nikueleze ya kwangu, ni ndefu kidogo.

Papa alikuwa mgodini, na kila toleo la *Mwana Shaba* alilileta nyumbani. Wadogo hamulijui: gazeti la kampuni ya migodi, lilianza 1957 enzi za Union Minière likaendelea chini ya Gécamines. Lilikuwa kwa Kifaransa, nasi watoto tulianza na picha. Papa alikuwa analisoma lote, na alikuwa na desturi ya kutafuta sura za watu aliowajua. "Huyu tulikuwa naye Kipushi." Hapo ndipo tulipojifunza ukoo wetu, maana kila sura ilikuwa na hadithi, na kila hadithi ilipita kwa shangazi fulani au shemeji fulani. Magazeti ya zamani hayakutupwa, yalifunika daftari zetu za shule. Kwa hiyo kalasini, mwalimu akichelewa, nasoma jalada la jirani yangu.

Niliolewa nikiwa mwaka wa tano wa humanités, yaani sekondari. Nilipopita miaka arobaini nikasema nitafanya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kama autodidacte, mtu aliyejisomea mwenyewe. Kwa wasiojua: ukiwa huna shule, serikali inakuruhusu kufanya mtihani wa taifa peke yako, lakini kwanza upite mtihani wa awali wa kukupima. Ukipita, unaungana na wanafunzi wengine: insha ya Kifaransa kwenye hors-session, sehemu inayotangulia, halafu siku nne za session yenyewe, maswali ya kuchagua herufi.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa jina. Mimi ni mtoto wa Zaïre, jina la Kongo enzi za Mobutu. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, kwa hiyo bulletin zangu zote, ripoti za shule, zina jina la nkambo na postnom basi. Baadaye, majina ya ubatizo yaliporudi, mimi kwa karatasi zote nikawa Bernadette mbele. Sekretarieti wakatazama bulletin, wakatazama kadi ya uchaguzi, wakasema hawa ni wanawake wawili. Ikabidi nitafute karatasi ya ubatizo parokiani. Padri kijana alifungua rejista kubwa, vumbi hadi tukapiga chafya wote, tukamkuta Bernadette na jina la nkambo kwenye mstari mmoja. Kwenye mstari huo huo nikaona jina la kijiji cha mama ambalo hakuna aliyewahi kunitajia. Mama alikuwa bado hai, nikamuuliza jioni ile. Akacheka tu, akasema, "Kule tulikimbia madeni ya baba yangu."

Siku ya mtihani msimamizi alinizuia mlangoni, akaniambia wazazi wanasubiri nje. Nikamwonyesha namba yangu. Mwanangu wa pili alikuwa anafanya mwaka ule ule, kituo kingine. Asilimia zangu siandiki hapa, zilizidi hamsini na hiyo inatosha. Poda ya kushangilia waliofaulu tulimwagiwa wote wawili, majirani hawakujua wamshangilie nani kwanza.

Mutoto wa Kipushi
Mama Kamalondo 😂 madeni ya babu!

Kwetu nkambo mwanamke, bibi yangu, alijifunza kusoma kwa Wamethodisti, kwa kitabu cha nyimbo. Alisoma maandishi ya chapa vizuri kabisa, lakini barua ya mkono hakuiweza, akili ilikataa. Kwa hiyo barua nilisoma mimi. Nilikuwa mdogo sana nilipofungua moja kutoka Ndola iliyoanza "Kwa dada yangu mpendwa". Ndipo nyumba nzima ikajua nkambo ana kaka Zambia. Walikuwa wametengana tangu ujana, mpaka wa nchi ukiwa katikati. Ndugu zetu wa Ndola sasa wanakuja kila harusi na wanakula sana.

Mwalimu wa jioni
Nawasalimu. Nafundisha kisomo cha watu wazima, naomba niongeze mawili matatu.

Watu hudhani mzee anaogopa ubao. Haogopi. Anachokimbia ni kijana wa miaka ishirini na tano kumwita jina lake kavu mbele za watu. Mimi naita Papa fulani, Mama fulani, hata nikisahihisha daftari kwa wino mwekundu.

Kigumu cha pili ni Kifaransa. Mnakumbuka mwaka wa kwanza na wa pili tulisoma kwa Kiswahili, halafu tukatupwa kwenye Kifaransa. Walioacha mwaka wa tatu wamebaki hapo hapo katikati: hesabu anafanya kwa Kiswahili kichwani haraka kuliko mimi, ukimwandikia swali lile lile kwa Kifaransa anaweka kalamu chini. Kwa hiyo naanza na risiti, bei za soko, karatasi za dawa. Sarufi baadaye.

Na mvua ikianza, Oktoba au Novemba, nusu ya kalasi iko shambani inapanda mahindi. Ratiba nyingi zimepangwa na watu wasiolima. Anayekosa mwezi mmoja anaona aibu kurudi, na hapo ndipo tunawapoteza wengi.

MwanaKatuba
Mwalimu, kuhusu jina nakubali nusu. Mwalimu wangu ni rafiki wa mwanangu, ananiita Mama, lakini nikikosea ananiachia. Hiyo siitaki. Nilimwambia anikosoe kama anavyowakosoa wengine.

Fundi Simu, Kenya
Swali kwa Mwalimu. Mimi bulletin za msingi zilipotea tulipohama nyumba. Bila karatasi naanzia wapi?

Mwalimu wa jioni
Kwa kisomo hakuna anayekudai bulletin. Njoo, tutakupa kitu usome na hesabu ufanye, tuone ukae kiwango gani. Karatasi utazihitaji ukitaka kwenda mbele kwenye mtihani, na hapo pita kwanza shuleni kwako ya zamani uulize rejista. Nyingi bado zipo kabatini. Na uliza Kenya kwenu kwanza, parokia na makanisa mengi yana masomo ya jioni, usije ukatumia nauli bure.

Fundi Simu, Kenya
Shule ile iko nyuma ya soko, napita hapo kila asubuhi. Kesho naingia kuuliza. Mama Kamalondo, kama nitaambiwa mimi ni wanaume wawili nitakutafuta.